Baba ana jongo sugu na ameitwa kwenye majaribio ya dawa mpya. Akubali?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, na jongo (gauti) limemsumbua kwa miaka 14. Ana vinundu kwenye kiwiko na kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Anatumia alopurinoli miligramu 300 kwa siku, lakini kipimo cha mwisho cha asidi ya uriki kilikuwa 9.2. Hospitali anakotibiwa wamemwambia jongo lake ni sugu na wamemwalika kwenye majaribio ya dawa mpya, kimeng'enya cha kuwekwa kwa dripu mara moja kwa mwezi, miezi sita. Yeye anatamani sana. Mama anasema wanataka kumjaribia tu. Mimi niko katikati. Akubali? Na kile kinundu cha kiwiko, tukikate kwanza?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonisimamisha si ile dripu. Ni ile 300.

Kabla mzee hajatia saini karatasi yoyote, nataka tujue kama jongo lake ni sugu kweli au ni jongo ambalo halijawahi kupewa dozi ya kulitosha. Haya mawili yanafanana kabisa ukiyatazama kwa nje. Kiungo kinavimba vilevile, kinundu kinakua vilevile, usingizi unapotea vilevile. Lakini la kwanza linahitaji dawa mpya, la pili linahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa na kupandisha dozi hatua kwa hatua.

Asidi ya uriki huyeyuka kwenye damu mpaka kiasi fulani. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kuganda na kuwa fuwele, na fuwele hizo hukaa kwenye maungio, chini ya ngozi, hata kwenye figo. Ndiyo maana tunataka kipimo kishuke chini ya 6 na kibaki huko. Kwa mtu mwenye vinundu kama mzee wako, tunataka kiende chini ya 5, kwa sababu damu ikiwa na nafasi zaidi, fuwele zilizokwisha kuganda huyeyuka haraka zaidi. (Maabara nyingine husoma kwa mikromoli: 6 ni karibu 360, na 5 ni karibu 300. Angalieni karatasi ya majibu vizuri, nimeona watu wakishtuka kwa kuchanganya vipimo hivi.)

Alopurinoli, kidonge cha kushusha asidi hiyo, huanzishwa kwa dozi ndogo, 100 au pungufu kama figo ni dhaifu, kisha hupandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki chache huku damu ikipimwa. Mwisho wake si 300. Marekani imeidhinishwa hadi 800 kwa siku, Uingereza hadi 900. Sisi madaktari tumezoea kufika 300 na kuegesha hapo, na wengi wetu tulifundishwa kwamba mwenye figo dhaifu asivuke hata hapo. Utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dozi inaweza kupandishwa taratibu mpaka lengo lifikiwe, hata kwa wenye figo dhaifu, mradi wafuatiliwe. Na mwaka uliofuata ulitoka utafiti wa Nottingham, Uingereza, ambao mimi nauhesabu kuwa wa maana kuliko dawa nyingi mpya. Wauguzi walipewa jukumu la kukaa na wagonjwa, kuwaeleza ugonjwa, kusikiliza hofu zao na kupandisha dozi hadi lengo. Baada ya miaka miwili, asilimia 95 ya wagonjwa wa wauguzi walikuwa wamefika chini ya 6. Kwa waliobaki na huduma ya kawaida ya madaktari, ni asilimia 30. Dawa zilikuwa zilezile za zamani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari wa mzee ni hili: kwa nini tulisimama 300? Huenda ana jibu zuri. Huenda ngozi ilitoka vipele, huenda ini lilianza kulalamika. Lakini kama jibu ni kwamba ndivyo tulivyozoea, basi jongo la mzee bado halijastahili kuitwa sugu.

Kuna swali jingine, la kumuuliza mzee mwenyewe, kwa upole na bila watu wengi chumbani. Niliwahi kuletewa mgonjwa aliyeandikiwa kwenye barua kwamba dawa zimemshinda. Nilimwomba anionyeshe chupa ya vidonge. Aliitoa mfukoni, akaimimina mezani, na tukahesabu pamoja. Tarehe kwenye chupa ilikuwa ya miezi minne nyuma, ya vidonge vya siku 30, na bado vilikuwepo 17. Alikuwa akimeza siku ambazo kidole kinauma tu. "Kikipoa, dawa ya nini?" aliniuliza, na aliuliza kwa dhati. Katika miaka yote ile hakuna aliyemwambia kwamba alopurinoli si dawa ya maumivu, kwamba kazi yake inafanyika siku zile ambazo hakuna kinachouma. Sikuwa na la kumlaumu.

Angalieni pia dawa zake nyingine. Vidonge vya kuongeza mkojo wanavyopewa wenye presha au moyo, na hata aspirini ya dozi ndogo, huizuia figo kutoa asidi ya uriki. Msiziache kwa uamuzi wenu, kwa sababu aspirini hiyo huenda ndiyo inayomlinda moyo. Ila daktari azijue zote. Pengine ile ya presha inaweza kubadilishwa.

Na ugonjwa wenyewe, je, ulithibitishwa? Kwa mtu mwenye vinundu mara nyingi hakuna shaka, lakini kabla ya majaribio nataka mtu awe ameona fuwele kwa macho. Tunavuta tone la maji ya kiungo kwa sindano, tunaliweka kwenye kioo, tunalitazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa. Fuwele za jongo huonekana kama sindano nyembamba zenye ncha kali pande zote mbili. Ukizungusha kioo, zilizokuwa njano zinageuka buluu, na za buluu zinageuka njano. Mara nyingine utaiona moja imetoboa seli nyeupe ya damu, imetokeza huku na huku kama mshale. Kila ninapoiona najua kwa nini mgonjwa hakuweza kuvumilia hata shuka juu ya kidole.

Tuseme sasa yote hayo yamefanyika. Dozi imepandishwa hadi pale mwili unapovumilia, vidonge vinamezwa kila siku, febuksostati, kidonge kingine cha kushusha asidi ya uriki, imejaribiwa au haifai kwake, na bado kipimo kinagoma juu ya 6 huku vinundu vikikua. Au tuseme alopurinoli ilimletea ule mzio mkali wa ngozi na viungo vya ndani, ambao kwa wenye jeni iitwayo HLA-B*58:01 unaweza hata kuua. Huyo ana jongo sugu, na kwake majaribio ni mlango wa kweli. Hapo nitamwomba mama apunguze hofu kidogo, na mzee apunguze matumaini kidogo.

Kuhusu dripu yenyewe. Wanyama wengi wanyonyeshao wana kimeng'enya kiitwacho urikasi, kinachoivunja asidi ya uriki na kuifanya kitu kingine kinachoyeyuka kirahisi na kutoka na mkojo. Sisi binadamu tuliupoteza uwezo huo mamilioni ya miaka iliyopita. Jeni yake bado tunayo, lakini imeharibika. Wazo la dawa hizi ni kumrudishia mgonjwa kimeng'enya alichokosa. Na kinafanya kazi kwa kasi ya kushangaza: ndani ya siku moja kipimo kinaweza kutoka 9 na kwenda karibu na sifuri. Hakuna kidonge kinachofanya hivyo.

Shida ni kwamba mwili haukijui. Peglotikasi, ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa kwa ajili ya jongo, ilikubaliwa Marekani mwaka 2010. Kimeng'enya chake kimevishwa minyororo ya kemikali iitwayo PEG ili kikae muda mrefu kwenye damu. Katika majaribio yake mawili makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2011, waliopata dripu kila baada ya wiki mbili walifanikiwa, yaani kipimo chao kilishuka na kukaa chini ya 6, kwa asilimia 42. Kati ya waliopewa dripu isiyo na dawa hakufanikiwa hata mmoja. Asilimia 42 kwa watu waliokuwa wamekata tamaa ni jambo kubwa. Lakini zaidi ya nusu walikosa, na wengi kati yao walikosa kwa sababu miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya dawa, ikaifagia nje. Baadhi yao walipata mzio wakiwa bado kwenye dripu: kifua kubana, uso kuwaka, presha kushuka.

Utafiti wa miaka iliyofuata umekuwa, kwa sehemu kubwa, wa kutafuta namna ya kuituliza kinga ya mwili ili iache kukipiga vita kimeng'enya. Njia moja ilikuwa kutumia dawa ya zamani, methotreksati, inayojulikana sana na wenye baridi yabisi. Majaribio yaliyoitwa MIRROR yaliwagawa wagonjwa 152. Waliopewa peglotikasi pamoja na methotreksati walifanikiwa kwa asilimia 71, na waliopewa peglotikasi peke yake kwa asilimia 38.5. Mzio wa wakati wa dripu ulishuka kutoka karibu asilimia 31 hadi karibu 4. Mwaka 2022 Marekani ikaidhinisha dawa hizo mbili zitumike pamoja. Njia nyingine ni ya dawa iitwayo SEL-212: kabla ya kimeng'enya, mgonjwa anawekewa chembe ndogo mno zilizobeba sirolimasi, dawa ya kutuliza kinga, ili mwili ukutane na kimeng'enya huku umeambiwa kwamba huyu si adui. Hiyo hutolewa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mwulizeni daktari wa majaribio kwa maneno haya hasa: dawa yenu inaizuia vipi kinga ya mwili isitengeneze kingamwili? Akijibu vizuri mtajua mengi. Akiwaambia kwamba hilo si la kujali, rudini nyumbani.

Swali linalofuata wengi hawaliulizi, na mimi nalipa uzito mkubwa. Kama mwili wa mzee utatengeneza kingamwili dhidi ya dawa hii, nyingine za ukoo huo zinaweza kumkataa pia, hasa zilizovishwa PEG. Tena majaribio mengi ya vimeng'enya hayapokei mtu aliyewahi kutumia kingine. Maana yake, kuingia kwenye jaribio hili kunaweza kumfungia mlango wa lile litakalokuja, au wa dawa iliyokwisha kuidhinishwa. Si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kutoitumia nafasi hiyo wakati alopurinoli ya 300 bado ina pa kwenda.

Sasa usalama. Kuna kipimo kimoja ambacho bila hicho mzee asiguswe na dripu: kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli nyekundu za damu. Urikasi inapoivunja asidi ya uriki hutoa haidrojeni peroksaidi, na mtu mwenye upungufu wa G6PD hana kinga ya kutosha dhidi yake. Seli zake nyekundu za damu hupasuka. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata zaidi wanaume, na ni wa kawaida zaidi kwa watu ambao asili yao ni maeneo yenye malaria. Mtu anaweza kuishi nao miaka 61 bila kujua. Ombeni kuona majibu ya kipimo hicho yakiwa yameandikwa, msikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba kiko sawa.

Kisha asidi ya uriki ipimwe kabla ya kila dripu. Ikiwa imepanda tena kuvuka 6, ni dalili kwamba kingamwili zimekwisha kuishinda dawa, na dripu inayofuata ina hatari kubwa zaidi ya mzio huku faida ikiwa ndogo au haipo. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa wa dripu husimamishwa vidonge vyake vya kushusha asidi, kwa sababu vingeficha dalili hiyo. Mzee asivimeze kwa siri akidhani anaisaidia dawa. Nimeona moyo huo mzuri ukiwaponza watu.

Mama anauliza kama wanataka kumjaribia tu. Mwambie ndiyo, ni jaribio, na hatudanganyi juu ya hilo. Baadhi ya washiriki watapewa dripu isiyo na dawa, na kompyuta ndiyo inayopiga kura. Daktari hachagui, wala mzee hachagui. Bila kundi hilo hatungejua kamwe kama dawa inaponya au ni muda tu umepita. Lakini fikirini maana yake kwa mzee hasa: anaweza kusimamishwa vidonge vyake, akakaa miezi sita na maji matupu kwenye mshipa, jongo likimpiga. Hatakufa kwa hilo, ila atateseka. Kwa hiyo ulizeni uwezekano wa kuangukia kundi hilo ni moja kwa mbili au moja kwa tatu. Ulizeni kama akishambuliwa anaruhusiwa kutibiwa maumivu bila kutolewa. Ulizeni kama, miezi sita ikiisha, waliokuwa kwenye maji wanapewa dawa yenyewe. Na waliopona nayo wataipata wapi baada ya utafiti kufungwa? Hili la mwisho linauma kuliko yote. Kumpa mtu mkono usiouma kwa miezi sita, halafu kumrudisha alikotoka, si jambo dogo, na watafiti wenye utu huwa wamelifikiria kabla hujauliza.

Haki zake hazina mjadala. Karatasi ya ridhaa aipewe aende nayo nyumbani, aisome kwa lugha anayoielewa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Karatasi itaje kamati ya maadili iliyopitisha utafiti na nani anagharimia matibabu akidhurika. Mhimize aisome pamoja na mama, maana mama ndiye atakayeuliza lile ambalo mzee ameona aibu kuuliza.

Na jiandaeni kwa hili: dawa ikifanya kazi, miezi ya kwanza inaweza kuwa mibaya zaidi. Fuwele zikianza kuyeyuka zinatikisika, na mwili unazishambulia upya. Mgonjwa anasema dawa imemharibu, anaacha, kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inazing'oa. Kinga yake ni kolkisini ya dozi ndogo au dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, ianze mapema na iendelee kwa miezi mitatu hadi sita. Hilo linahusu alopurinoli iliyopandishwa dozi vilevile.

Dripu si njia pekee inayojaribiwa. Kuna vidonge vinavyolenga mlango wa figo uitwao URAT1, uliogunduliwa mwaka 2002, ambao huirudisha asidi ya uriki kwenye damu badala ya kuiacha ishuke na mkojo. Kwa wagonjwa wengi wa jongo tatizo liko hapo hasa: wanatoa pungufu, si kwamba wanatengeneza nyingi. AR882 ni mojawapo ya vidonge vilivyofika majaribio ya awamu ya tatu. Ninavifuatilia kwa hamu, ila nakumbuka lesinuradi, iliyolenga mlango huohuo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2015 ikiwa na onyo kali kuhusu figo, na mwaka 2019 ikaondolewa sokoni kwa sababu za kibiashara. Wapo pia wanaoshughulika na kuzima moto wa shambulio lenyewe. Kanakinumabu, sindano inayozuia kichochezi cha uvimbe kiitwacho IL-1, Marekani iliikubali kwa jongo mwaka 2023. Hiyo inatuliza maumivu, haiyeyushi kinundu.

Ninachomshauri mzee, basi, ni hiki. Aombe muda wa miezi mitatu hadi minne. Majaribio mengi huchukua washiriki kwa muda mrefu, na kama nafasi itapotea, jongo la miaka 14 halitamaliza kazi yake katika miezi hiyo. Katika muda huo dozi ipandishwe kwa utaratibu, kolkisini iwepo, damu ipimwe kila baada ya wiki chache. Ikifika chini ya 5, hana haja ya dripu. Ikigoma, au mwili ukikataa dawa, na G6PD yake ikiwa salama, na maswali yale yakijibiwa, mimi ningemwambia aende, na ningefurahi kumwona akienda. Kila asilimia ya dripu niliyokutajia hapa ilitoka kwa watu walioketi kwenye viti vile vya dripu kabla yake.

Kile kinundu cha kiwiko msikikate. Msikitoboe wala msikikamue, hata kama utaona weupe kama chaki unachungulia chini ya ngozi. Kidonda cha hapo hupona kwa shida na huingiza vijidudu. Upasuaji tunauacha kwa kinundu kilichooza, kinachobana mshipa wa fahamu, au kilichofunga kiungo kabisa. Badala yake, leo jioni weka rula pembeni ya kiwiko na upige picha, kisha rudia kila mwezi mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Watafiti nao hupima kwa picha namna hiyo. Asidi ya uriki ikikaa chini ya 5, iwe kwa vidonge au kwa dripu, utaanza kuona kinundu kikipungua kwenye rula miezi kadhaa kabla mzee mwenyewe hajakuamini.